Sakafu Chini ya Kitanda cha Sindano

Katika maisha yangu yote sijamsikia baba akiisifu sakafu ya mtu mwingine. Tukienda kuwapa pole waliofiwa, sisi tunaangalia nyuso, yeye anaangalia vigae. Tukialikwa harusini, bibi harusi hajaingia ukumbini na baba ameshanivuta mkono kuninong'oneza kwamba kule kwenye nguzo ya tatu fundi alisinzia. Mama amemkanya mpaka amechoka. Husema ameolewa na mwanamume asiyeijua rangi ya dari ya nyumba yake mwenyewe.

Mafundi wenzake humwita Pimamaji, kwa jina la kile chombo chenye kitone cha hewa kinachokwambia kama kitu kimelala sawa au kimeinama. Chombo chenyewe baba anacho, ila hakihitaji sana. Anaingia chumbani, anasimama katikati, anafumba macho, kisha anasema, "Inamwagia kule, dirishani." Unaweka pimamaji ya kweli, unakuta hakukosea. Ameweka vigae kwa miaka thelathini na minane. Kumi na miwili ya mwisho tumeweka pamoja, yeye na mimi, bintiye wa pekee, ambaye majirani walishatabiri kwamba nitaikimbia kazi mara tu kucha zitakapoanza kukatika. Kucha zimekatika, zimeota, zimekatika tena, na mimi nipo.

Basi mfikirie mtu wa namna hiyo anapoanza kutembea upande.

Ilikuwa nyonga ya kulia. Kila fundi wa sakafu ana mkao wake. Baba hupiga goti la kushoto, mguu wa kulia anautupa nje kama mkono wa birika, halafu uzito wote anaulaza upande huo wa kulia huku akisukuma kigae mahali pake. Amekaa hivyo tangu sijazaliwa. Nyonga ilipoanza kulalamika, alifanya wanachofanya wanaume wote ninaowajua: alijifanya hamnazo. Miezi sita alituambia kiatu kinambana. Mama ndiye aliyemfuma, asubuhi moja, akivaa suruali huku ameketi kitandani, anauvuta mguu kwa mikono miwili kama mtu anayeingiza godoro mlangoni.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama akamwambia. "Wewe una bahati, suruali imewahi."

Kazini nako siri ilikwisha. Mafundi hawana huruma. "Pimamaji," walimwambia kila asubuhi, "leo kitone kimehamia upande gani?" Baba alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Wakati huohuo ikaja kazi ya ukumbi. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nasi alikuwa amekamilisha ukumbi mpya, mpana, wenye jukwaa mbele na milango miwili mikubwa nyuma, na alitaka sakafu iwe tayari kabla ya shule kufungua. Alikuja nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akanywa chai, akasema, "Mimi namtaka Pimamaji, simtaki mwingine." Nilikuwa nimesimama palepale na sinia mkononi. Hakuniangalia hata kwa bahati mbaya.

"Nipe wiki nne," baba alimjibu. "Nyonga ikitulia, uzi wa kwanza nitauvuta mwenyewe."

Hapo lazima nieleze, maana ndipo penye roho ya habari hii. Chumba chochote kina kuta nne, na zote nne zinaongopa. Mwashi alikuwa na haraka, au uzi wake ulilegea, na ukuta unaoonekana umenyooka umekwenda kombo kwa upana wa vidole viwili. Fundi mvivu huanza kigae cha kwanza kwa kuufuata ukuta. Uongo wa ukuta unaingia kwenye mstari wake, kila kigae kinaubeba na kuuongeza, na akifika upande wa pili anakuta pembe moja imebaki nafasi ya kiganja na nyingine ya kidole. Fundi anayejiheshimu huanza katikati, kwa nyuzi mbili zinazokatana. Anayevuta uzi wa kwanza ndiye mwenye sakafu. Wengine wote, hata wakiweka vigae elfu, wanamfuata. Kwa miaka kumi na miwili nimekata, nimepanga, nimesawazisha, nimeziba mianya na kupiga deki, lakini uzi wa kwanza sikuwahi kuuvuta. Ulikuwa wa baba.

Nami niliutaka. Niliutaka uzi wa ukumbi ule kiasi cha kuuota. Na nilijua hesabu yake, nayo haikuwa nzuri kusema mbele za watu: nyonga ikipona, uzi ni wake. Isipopona, ni wangu. Mtoto gani anafikiria hivyo juu ya baba yake? Mimi hapa.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari wa mifupa akaiangalia kwenye mwanga, akasema gegedu, ule mto mdogo unaozuia mfupa usisagane na mfupa, limelika, ila si kiasi cha kupasuliwa. Vidonge vya maumivu baba alikuwa ameshavimeza hadi tumbo likagoma. "Pumzika," daktari akamwambia. Baba akamtazama kana kwamba kasemeshwa kwa lugha ya kigeni. Daktari akacheka, akachukua kikaratasi, akaandika. "Basi jaribu hapa. Kuna mwenzetu anatibu kwa sindano, ile wanayoita akyupancha. Nyonga za namna hii huwa anazituliza."

Kikaratasi alinipa mimi. Nilisoma jina la jengo, nikasoma ghorofa, nikasoma namba ya chumba, nikarudia kusoma tangu juu.

Chumba kile nilikijua. Sakafu yake niliiweka mimi, peke yangu, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Baba alikuwa amesafiri wiki tatu kumuuguza mama yake. Mwenye jengo alikuja na haraka zake, anataka chumba ndani ya siku nne, nami nikavimba kichwa, nikamwambia naweza. Sikuvuta uzi. Nilianza kwa ukuta wa mlangoni, kwa sababu ulikuwa mrefu na ulionekana mwaminifu. Nilipofika katikati ya chumba niliona mstari unakwenda zake, na badala ya kung'oa nikaanza kupanua mianya kidogo kidogo ili niurudishe. Haukurudi vizuri. Nikaziba, nikapiga deki, nikatoroka. Baba aliporudi nikamwambia mwenye jengo alipata fundi mwingine. Hakuuliza zaidi, na hakuwahi kuingia humo.

Ningeweza kukipoteza kikaratasi. Nilikuwa na sababu mbili nzuri, na hakuna ambaye angejua. Lakini usiku ule nilimsikia baba akigeuka kitandani, ukuta mmoja tu kati yetu, na kila akigeuka anatoa sauti ndogo ya mtu anayebeba kitu kizito asichotaka kusaidiwa. Nikajikaza kisabuni, nikampeleka.

Daktari wa sindano alikuwa mwanamke mfupi, ananifika begani, mikono ya koti ameikunja hadi kwenye viwiko. "Shikamoo, baba," alisema, na kabla baba hajamaliza marahaba alikuwa ameshamwambia atembee hadi dirishani na kurudi. Akamlaza, akauinua mguu, akauzungusha, akauliza hapa, na hapa, na hapa. Kisha akavuta kigoda.

"Baba, nisikudanganye. Sindano hazioteshi gegedu jipya. Kazi yake ni kuyatuliza maumivu na kuilegeza misuli iliyokaza, upate nafasi ya kufanya mazoezi. Wapo wanaopata nafuu kubwa, wapo wanaopata kidogo. Tujaribu mara nane, mbili kila wiki. Tukifika ya nne hatujaona kitu, nitakwambia mwenyewe usirudi."

Baba akanigeukia. "Huyu ni fundi," akasema. Kwake yeye hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Alipoambiwa alale kifudifudi, uso auweke kwenye tundu lililo kichwani pa kitanda, ndipo nilipojua kwamba Mungu ana mzaha. Kwenye tundu lile mtu haoni kitu chochote isipokuwa sakafu.

Daktari alifungua pakiti mpya mbele yangu. Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. "Mimi nilidhani ni zile za kushonea magunia," sauti ya baba ilitoka chini ya kitanda, nikajua anaogopa, maana mzaha wake huja na hofu. Mbili zikaingia kwenye tako, tatu ubavuni mwa nyonga, nyingine nje ya goti na chini karibu na kifundo. Zote kumi na moja.

"Inauma, baba?"

"Haiumi. Ina uzito. Kama mtu kanibonyeza kwa kidole kisha kakisahau hapohapo."

"Ndivyo inavyotakiwa. Sasa tulia nusu saa."

Alitulia labda dakika tatu. Mimi nilikuwa kwenye kiti kando ya mlango, miguu nimeikanyaga juu ya vigae vyangu mwenyewe kana kwamba naweza kuvificha.

"Daktari," akasema. "Sakafu hii nani kaiweka?"

"Sijui, baba. Nimepanga hapa miaka mitatu tu."

"Aliuamini ukuta."

"Alifanya nini?"

Basi baba akamfundisha. Akiwa amelala kifudifudi, sindano kumi na moja mwilini, alimweleza daktari habari ya kuta na uongo wake, na jinsi mstari ulio chini ya pua yake unavyokwenda zake kama mbuzi aliyekatika kamba. Daktari alicheka hadi akamwomba anyamaze, maana na yeye baba alianza kucheka na sindano zikawa zinacheza. Mimi sikucheka. Nilikuwa natoka jasho kwenye chumba chenye feni.

Mara ya pili akaendelea alipoishia. "Nimeiona mianya," alisema. "Inapanuka. Alijua kakosea, akawa anaiba, kidogo hapa, kidogo pale. Mwizi huyu, lakini mwizi mwenye aibu." Mara ya tatu alitaka kujua kwa nini mtu mwenye mkono mzuri hivi wa kusawazisha hakuwa na moyo wa kung'oa. "Hakuna kigae kinacholia utupu, daktari. Gonga popote. Mkono anao. Moyo ndio hakuwa nao." Nilitamani kigae kimoja kifunguke kinimeze.

Lakini nyonga, jamani, nyonga ilikuwa inasikia. Baada ya mara ya tatu baba alivaa suruali amesimama, mama akapiga makofi chumbani kama mtoto kapiga hatua ya kwanza. Baada ya mara ya nne alishuka ngazi za jengo lile bila kushika chuma. Nilikuwa nyuma yake. Nilifurahi kwa moyo mweupe mpaka kwenye kona ya ngazi, na baada ya kona nikaukumbuka uzi, na furaha ikaingia doa. Nilijichukia ngazi zote zilizobaki.

Mara ya tano daktari alimwambia, "Leo kabla hujalala, nionyeshe unavyofanya kazi." Baba akashuka sakafuni, goti la kushoto chini, mguu wa kulia nje, akajifanya anasukuma kigae. Daktari akachuchumaa pembeni, akamwekea kiganja kwenye nyonga.

"Hapa ndipo unapojisaga mwenyewe. Badilisha goti. Leo la kushoto, kesho la kulia. Weka mto chini. Na kila nusu saa simama, utembee, ufanye yale mazoezi niliyokupa."

"Nibadilishe goti?" Baba alihamaki. "Nimeweka vigae miaka thelathini na minane kwa goti hili!"

"Najua. Ndilo lililokuleta kwangu."

Baba akapanda kitandani akinung'unika. Mganga hajigangi, lakini hapendi kuambiwa.

Mara ya sita jua la saa kumi lilikuwa linapiga moja kwa moja kitandani. Daktari akaniomba tushike kila mtu upande wake, tukakisukuma kitanda hadi ukutani, kwenye sinki. Niliposhtuka tulikuwa tumeshafika. Baba alilala, akaweka uso kwenye tundu, sindano zikaingia. Nikangoja aanze mahubiri yake.

Hakuanza.

Chini ya sinki lile bomba la maji linaingia sakafuni. Mafundi wengi wakifika kwenye bomba hukikata kigae vipande viwili na kuviunganisha kulizunguka, halafu wanaificha alama kwa saruji. Baba hafanyi hivyo. Hukiacha kigae kizima na kutoboa tundu la duara katikati, kwa kukimega kwa koleo kidogo kidogo, punje kwa punje, hata kama kitamla nusu siku, kisha anakivisha bomba kutoka juu kabla sinki halijafungwa. Mimi alinifundisha nikiwa na miaka kumi na sita. Nilivunja vigae kumi na tisa nikapata cha ishirini. Hakuna mwingine hapa mjini mwenye upuuzi huo. Na mimi, katika chumba kile nilichokiharibu, bomba nililifanyia hivyo, kwa sababu nilikuwa sijui namna nyingine.

Dakika zikapita. Feni ikazunguka. Daktari akaingiwa na wasiwasi, akainama. "Baba, uko salama?"

"Niko salama, daktari," baba akajibu kwa upole. "Nasoma."

Tulishuka ngazi. Tukavuka barabara, tukapita duka la vioo, tukapita kituo cha mafuta. Kimya cha baba ni kizito, kimewahi kuwafukuza kazini mafundi watatu. Tulipofika kwenye ukuta mrefu wa ghala akasema, bila kunitazama, "Yule fundi wa kliniki nimemjua."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Ulikuwa kwa bibi."

"Ukaniambia walipata mtu mwingine."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nina meno ya kung'ata watu?" Sauti yake ilipanda, mtu aliyekuwa anapita akageuka. "Ningepiga makelele siku mbili, mama, siku mbili tu! Ya tatu tungeng'oa, mimi na wewe, tukaweka upya. Kwani mimi sijawahi kuuamini ukuta? Nyumba yangu ya kwanza niliiweka kombo, mwenye nyumba aliniita mwehu mbele ya mama yako!"

Hiyo sikuwahi kuisikia. Nilisimama.

"Kumbe," baba akaendelea, sasa polepole, kama mtu anayepima, "kumbe ndiyo maana hukuwahi kuuomba uzi."

"Kuuomba?"

"Nilikuwa nangoja. Kila kazi nilikuwa nautoa mfukoni, nauweka chini, nangoja uuokote. Huuokoti. Nikasema moyoni, huyu hataki, anapenda kufuata, tusimlazimishe."

Aibu yote ya wiki tatu ikageuka hasira, na hasira ina raha yake. "Baba! Miaka kumi na miwili nangoja unipe!"

"Fundi hapewi. Anachukua."

"Na mtoto je? Mtoto anamnyang'anya baba yake uzi mkononi?"

Mimi nikakaza mwendo nimwache hapohapo na hekima zake. Nilikwenda kama askari, mikono inapunga, viatu vinapiga lami, natamka kimoyomoyo maneno ambayo sitayaandika. Nilikwenda ghala zima, nikapita duka la mbao, nikapita geti la shule ya watoto. Nilipogeuka nione nimemwacha wapi, alikuwa begani kwangu. Hatua kwa hatua, mgongo umenyooka, haburuzi mguu, hata hakuwa anahema.

Tukatazamana. Kisha tukaitazama nyonga, wote wawili, kwa pamoja. Nadhani yeye ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka tukashika ukuta, na katika kicheko kile mimi nikawa nalia, na sikujua nalia kwa sababu baba kapona au kwa sababu kapona kabla ya ukumbi. Nilikuwa nalia kwa vyote viwili. Nikamwambia. Nilimwambia palepale, kila kitu, hata ile hesabu mbaya ya nyonga na uzi. Baba alinipangusa uso kwa kiganja chake chenye sugu, ambacho kwa kweli kilinikwaruza.

"Na bado ukanipeleka," akasema.

Mara ya saba ikapita, ya nane ikapita. Daktari akamuaga kwa orodha ya mazoezi na onyo la goti, akamwambia maumivu yakirudi arudi na yeye. Habari ya ukumbi haikutajwa. Nikasema basi, kapona, mwenye uzi amerudi kwenye uzi wake, na mimi ni mtu mzima, nitafuata mstari wake kama siku zote na sitakunja uso. Karibu nilijiamini.

Asubuhi ya ukumbi tulifika wa kwanza. Ukumbi mtupu una mwangwi, hata kukohoa unajisikia mkubwa. Baba akazunguka kuta zote nne, akazigonga kwa vidole, akanung'unika. Akachuchumaa, akainuka. Akachuchumaa tena, akainuka, bila mkono ukutani, na mara ya tatu nikajua ananionyesha. Angeweza. Mtu yeyote angeona kwamba angeweza.

Kisha akautoa uzi mfukoni, akauweka sakafuni katikati yetu, akarudi nyuma hatua mbili. Akakunja mikono. Akatazama dari, yule mtu asiyetazama dari.

Niliinama nikauokota.

Sikumwambia asante, maana kuna vitu ukivishukuru unaviharibu. Nilipima ukumbi mara tatu. Kuta zilikuwa zinaongopa kwa upana wa kiganja, na jukwaa nalo lilikuwa limekaa kombo kuelekea kushoto. Kuna njia mbili za kuupa ukumbi kama ule mstari. Unaweza kulifuata jukwaa, ambako macho yanaishia, au kuuanza mlangoni, ambako miguu inaingia. Baba angeanza kwa jukwaa. Nilimjua, na nilimwona midomo inamtetemeka.

"Naanza kwa mlango," nikasema.

"Mimi ninge..."

"Najua, baba. Mimi naanza kwa mlango. Watoto mia sita wataingia hapa wakiangalia miguu yao, hawaangalii jukwaa. Kombo la pale mbele nitalimaliza kwa vigae vya kukata, chini ya ngazi, hakuna atakayeliona."

Akaenda hadi jukwaani, akaweka mto chini, akapiga goti, la kulia safari hii, akaishika ncha ya uzi na kuibana sakafuni kwa kidole gumba. Hiyo ni kazi ya msaidizi. Hajaifanya tangu alipokuwa kijana. Mimi nikarudi nyuma hadi mlangoni nikiuachia uzi polepole, nikauvuta ukakaza, nikafumba jicho moja.

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipoingia, na funguo zake na haraka zake. Akanipita kama anavyonipita siku zote, akatazama uzi, akatazama jukwaa, akaona havielekeani. Akapaza sauti hadi mbele, na ukumbi mzima ukairudia.

"Pimamaji! Mbona mstari wako umelikosa jukwaa?"

Baba hakuinua hata kichwa.

"Muulize fundi, mwalimu, umempita hapo mlangoni. Mimi hapa nimeshika uzi tu, na nimeambiwa nisitikisike."